Kwa Mtani Aliyezikwa Nikiwa Nauguza Bandama

Mpagazi wangu mpendwa, Mzee Maganga,

Mwangaluka. Usihangaike kuitikia. Hata ulipokuwa na pumzi zako hukuwahi kunijibu salamu kama mtu mwenye adabu. Ulikuwa unaniuliza kama sisi Wagogo tumeshaamka kwenda kuomba, au bado tumelala na mikono nje ya shuka.

Nakuandikia kwenye simu. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, hospitali ileile ya mjini uliyonifikisha nikiwa nimepauka kama kuta zake. Picha nimeshapigwa. Sasa nasubiri daktari aniite aniambie kama bandama langu li hai au limekufa. Likiwa hai, naachiwa. Narudi kubeba kreti za zabibu, na, kubwa kuliko kreti, naruhusiwa kupanda basi nije huko kwenu nilale juu ya kaburi lako nikukashifu inavyotakiwa. Likiwa limekufa, au limeoza upande, watanipasua walitoe, na habari ya safari itaishia hapo. Kwa hiyo ujue, mzee, haya majibu tunayasubiri wawili. Foleni ndefu. Mama aliyekaa kushoto kwangu amesinzia mdomo wazi. Nafasi ninayo.

Atakayeisoma hii bila kukujua atasema, kijana gani huyu asiye na haya anamsema maiti. Aulize wazee wake. Mimi Mgogo, wewe Mnyamwezi, na utani wetu tumeukuta. Kwenye msiba wa Mnyamwezi, Mgogo ndiye mwenye ruhusa ya kuruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza na kugoma kutoka mpaka aahidiwe kuku. Ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Ulipozikwa wewe, Mgogo hakuwepo. Mgogo wa msiba wako nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa kwenye shamba la mizabibu la Makutupora nimelala chali nalinda bandama. Wala sikujua. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi kila mtu asome. Utani wa msiba haufanywi kwa kunong'ona.

Unakumbuka nilivyofika shambani? Nilikuwa nimetoka kuachana na shule kidato cha pili. Wengine wanasema niliacha shule, lakini ukweli shule ndiyo iliyoniacha, mimi nilikuwa bado nampenda mwalimu wa Historia. Msimamizi akanipeleka kwenye mistari ya mizabibu akasema nitafundishwa kupogoa na mzee aliyetoka Tabora. Nikakukuta umeinama, kofia imekula jua mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Nikaona hapa lazima niwahi kabla sijawahiwa.

"Mnyamwezi," nikasema, "babu yako alipita hapa na pembe za ndovu kichwani, akamlipa babu yangu hongo ndipo akapewa maji. Risiti unayo?"

Hukuinua hata kichwa. Ulikata tawi moja, ukalitazama, ukakata la pili.

"Babu yako alikaa njiani akanyoosha mkono," ukasema. "Mpaka leo hamjaushusha. Haya, shika mkasi huu, angalau na wewe uwe na kitu kiganjani."

Mstari mzima wa vibarua ulicheka, na mimi, ambaye kijijini kwetu Hombolo nilikuwa bingwa wa mdomo, nikabaki nimeshika mkasi. Nilijua hapohapo kwamba nimepata mtu.

Baada ya hapo tukawa hatuishi bila kutukanana. Chumba changu na chako vilitengana kwa ukuta mwembamba, na asubuhi kabla sijapiga mswaki nilikuwa nagonga ukuta kuuliza kama mzigo umeshawekwa kichwani. Ulipopika, ulinipa, kisha ukawaambia watu umelisha omba omba. Nilipopika mlenda, ulikula mpaka ukakwangua sufuria, kisha ukasema Wagogo ni watu wa ajabu, wanakula kamasi na kushukuru. Mimi nikakutajia michembe, viazi vyenu mnavyovianika mpaka vinakuwa kama nyayo za viatu. Wanao walikuwa mbali, mama yangu alishatangulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno hilo upweke. Tulilifukuza kwa matusi kama kuku.

Sasa nije kwenye habari ya punda, maana wapo wanaoisimulia vibaya ili kunishushia hadhi.

Ulikuwa msimu wa kuvuna. Punda wa kubeba maji tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa wa kwanza kula na wa mwisho kuinuka. Siku hiyo amegoma, madumu yako mgongoni, akina dada wa kuvuna wamesimama wanamtazama. Mimi, unanijua, siwezi kuona kina dada wamesimama bila burudani. Nikawatangazia kwamba sisi Wagogo tunaongea na punda, kwamba nitamnong'oneza neno moja atatembea kama bibi harusi. Neno nilikuwa nalo. Kosa langu ni kwamba nilipita nyuma.

Teke lilinikuta chini ya mbavu za kushoto. Nikaruka, nikalala. Na watu wakacheka mpaka kreti zikawaanguka, wala siwalaumu, kwa sababu pale shambani nilikuwa nimeshakufa sana. Kila uliponitukana tusi zuri nilianguka na kunyoosha miguu, ukawaita watu waje kuzika, ukadai ngozi yangu kama ya ng'ombe. Kufa kwangu kulikuwa mchezo wa saa ya chai. Nikainuka, nikajipangusa, nikasema punda ameniambia siri ila siwezi kuitoa.

Jioni ile kitu kikabadilika. Ajabu ni kwamba mbavu hazikuniuma sana. Lililoniuma ni bega la kushoto, juu kabisa, kama nimebeba gunia upande mmoja. Nikasema, na mmoja wetu akadakia kwamba hata maumivu ya Mgogo yanaomba pa kulala, yametoka mbavuni yamehamia begani. Hilo lilikuwa zuri, nakiri, nikacheka na mimi. Kucheka kukanikata tumbo. Nikakaa chini kuegemea pipa la maji, nikawa nahisi baridi wakati jua bado linachoma, na kiu isiyoisha. Wakaanza tena kuimba nyimbo za kunizika.

Mwenye haki ya kucheka kuliko wote ulikuwa wewe. Ndiwe mtani. Nilikuona unakuja nikajiandaa kupokea tusi. Ukachuchumaa, ukanivuta kope ya chini ukatazama, ukafungua kiganja changu ukakitazama, ukaniwekea mkono tumboni, pole pole, kama mtu anayepima zabibu kama imeiva. Halafu ukaniita Yona.

Mzee, hukuwahi kuniita kwa jina langu. Sikujua hata kama unalijua. Pale ndipo nilipoanza kuogopa.

Ukawageukia wale wengine ukawaambia wanyamaze walete gari. Pikapu ya shamba ikaja, ukanilaza kichwa kwenye mapaja yako, na safari nzima ulikuwa unanisemesha mambo ya kawaida, bei ya mbolea, mvua. Hakuna tusi hata moja. Tulipopita Msalato nilikuwa naona kila lori la kokoto limekuwa mawili. Nilikuomba unitukane kidogo nichangamke. Ukasema baadaye.

Hospitali wakanipaka ile jeli baridi tumboni, wakatazama, wakatazamana. Wakanisukuma kwenye mashine kubwa ya duara. Daktari wetu alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, akaja akatueleza kama watu wenye akili, jambo ambalo kwa upande wako lilikuwa heshima kubwa. Bandama limepasuka, akasema, na mshipa unaolilisha unavuja damu tumboni. Lile bega ni ile damu inasumbua juu huko, inadanganya mwili. Kuna njia mbili. Wanipasue waliondoe, na mtu anaishi bila bandama, lakini wadudu wa homa watamkuta hana mlinzi maisha yake yote. Au wapite ndani ya mishipa yenyewe, waufikie ule unaovuja, wautulize bila kunipasua. Kwa kuwa presha yangu ilikuwa imeanza kutulia baada ya damu na maji, alitaka kujaribu hiyo ya pili. Ikishindikana, kisu hapohapo. Akasema ndugu zangu wawe karibu.

Nesi akakuuliza wewe ni nani wangu. Ukajibu, mtani wake. Akakutazama kama vile umemwambia wewe ni mkwe wa ng'ombe wangu.

Ukatoa simu ukampigia baba mdogo Malogo, aliyenilea, na ukaweka sauti kubwa ili nisikie. Hapa, mzee, ndipo penye jambo ninalolifikiria kila siku. Baba mdogo naye ni mtani wako. Alikuwa amekuja shambani mara kadhaa, na kila alipokuja mlishindana mpaka watu wakaacha kazi. Ulikuwa umeshampigia mara nyingi kumwambia nimekufa. Nimekufa kwa njaa, nimekufa kwa uvivu, nimekufa kwa kukataliwa na msichana. Sasa ukamwambia nimepigwa teke na punda na damu inanivujia tumboni.

Akacheka sana. Akasema punda huyo apewe mshahara. Akasema unizike tu, yeye atakuja na ndoo ya mlenda kulainisha kaburi. Akakata.

Ukapiga tena. Safari hii akawaita na wenzake wa malishoni waje wasikie Mnyamwezi anavyolia uongo. Nikawasikia wote wanaangua. Kila ulivyosema kweli ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani anayejua kazi yake lazima aseme kwa uso mkavu, na wewe ulikuwa fundi. Nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu nasikiliza ndugu zangu wanacheka kifo changu, na hakuna aliyekosea. Mimi mwenyewe ningecheka.

Ulisimama kidogo umeshika simu. Ukavua kofia. Ukapiga mara nyingine, na kabla hajaanza, ukasema:

"Mzee Malogo, shikamoo."

Wewe una mvi kichwa kizima. Yeye ni mdogo kwako, umri wa mtoto wako wa kwanza. Na tangu mjuane hakuna aliyewahi kumsalimia mwenzake ila kwa kashfa. Upande wa pili nikasikia ng'ombe mmoja analia, kengele yake inagonga. Hakuitikia. Angeitikiaje? Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Mko hospitali gani?" akasema.

Watu wanasema nililia. Ilikuwa jasho. Jasho likitokea machoni ni jasho vilevile.

Baba mdogo alikuwa njiani, na damu nyingine ilitakiwa. Ukajitolea. Ulirudi na pamba mkononi ukaniambia, kwa mara ya kwanza tangu jioni, neno la kiungwana la utani. Ukasema sasa nimepewa damu ya mpagazi, nikipona nitakuwa na nguvu ya kubeba kitu kizito kuliko bakuli. Nikakujibu kwamba nitaanza kujitukana mwenyewe asubuhi. Nilikuwa nimefurahi mpaka nesi akasema mapigo ya moyo yamepanda.

Ya ndani ya kile chumba cha matibabu nimekusimulia mpaka ukawa unaziba masikio, lakini sasa huna pa kukimbilia. Niliingizwa macho wazi. Walininyoa mahali ambapo hata kinyozi wangu hapajui. Wakachoma sindano ya ganzi kwenye paja, karibu na kinena, wakaingiza mpira mwembamba, mwembamba kuliko utambi wa taa, ukapita kwenye mshipa ukapanda. Sikuusikia. Nilichosikia ni pale walipomwaga dawa ya kuonyesha njia. Joto lilinishuka kiunoni nikajua nimejikojolea mbele ya wasomi. Nikamuuliza daktari kwa sauti ya chini. Akasema kila anayelala hapo anauliza.

Kwenye kioo nikaona mishipa yangu. Mzee, ilikuwa mzabibu. Shina, matawi, vijitawi, kama ule mstari wako wa mwisho kabla hatujaupogoa. Mshipa wa bandama wenyewe umejikunja kunja kama nyoka aliyekanyagwa, na kule mwisho wino unatoka nje kama moshi wa kuni mbichi. Ndiyo ilikuwa damu yangu, na yako, inapotea. Daktari akawa anausukuma ule mpira kwenye kila kona bila haraka, anausemesha taratibu kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Alipofika akaachia springi ndogo, kama ile ya kalamu ya kubonyeza, ikajiviringa ndani ya mshipa. Akaachia nyingine juu yake.

Nikamuuliza, sasa ukiziba, bandama litakula nini. Nilikuwa na ujasiri wa dawa. Akanieleza kwamba hazibi pale penye jeraha, anaziba huku nyuma kwenye njia kuu, ili msukumo wa damu upungue na tundu lipate nafasi ya kujifunga lenyewe. Bandama litaishi kwa njia za panya, mishipa midogo inayotokea tumboni na pembeni. Nikamwambia kwamba hiyo kazi naijua, ndivyo Mnyamwezi wangu anavyofanya bomba la matone likipasuka shambani, anakaba koki kubwa, miche inakunywa kidogo kidogo, hakuna unaokufa. Akacheka ndani ya barakoa yake. Wakamwaga wino tena. Moshi haukuwepo.

Kwa hiyo, mzee, mimi ni kijana mwenye madini tumboni. Nionyeshe mwingine Makutupora nzima. Wengine wanavaa cheni nje zinapauka. Yangu iko ndani, haiibiki.

Siku zilizofuata hazikuwa za majivuno. Ubavu uliniuma kuliko siku ya teke, homa ikaja, daktari akasema kuna kipande cha bandama kimekosa chakula ndiyo kinalalamika. Wewe ulikaa upande mmoja wa kitanda, baba mdogo upande wa pili na mfuko wa karanga, na kwa mara ya kwanza watani wawili hamkutukanana. Mlimenya karanga tu. Niliona aibu kwa niaba yenu. Mwisho baba mdogo akasema, bila kukutazama, "Mnyamwezi, siku ile ulinipa heshima, nusura nife mimi. Usirudie."

"Sirudii," ukasema. "Wala haikukaa vizuri."

Mkaanza tena kutukanana, na homa yangu ikashuka. Nesi akasema ni dawa.

Niliporudi shambani nilikatazwa kubeba, kukimbia, kupanda pikipiki, kusafiri barabara za mabonde, na kupigana, jambo ambalo liliwanusuru wengi. Nililala chumbani wewe unafanya mistari yako na yangu. Jioni unakuja kunikaripia kwa kula bure. Halafu mvua zikakaribia, ukasema unakwenda kwenu kumwezekea nyumba binti yako Kulwa, utarudi zabibu hazijachanua. Ulisimama mlangoni na begi. Nilitaka kusema kitu, nikasema usisahau kulibeba kichwani. Ukaniambia nisimsogelee Mheshimiwa. Ukaenda. Hiyo ndiyo kwaheri yetu, mzee. Punda.

Nilikupigia, hupatikani. Wakaniambia kijiji chenu hakina mtandao, na mimi nikaamini, tena nikafurahi, nikaanza kukutumia ujumbe. Nilikuandikia kwamba hata minara ya simu inawakimbia Wanyamwezi. Nilikuandikia kwamba nyumba utakayoezeka wewe itavuja mpaka wakati wa kiangazi. Kila siku tusi jipya, na mengine, niseme kweli, yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kutunga. Uvivu wa kitandani unanoa akili. Nilikuwa nayatuma nikicheka peke yangu, nikikuona unavyotafuta jibu.

Ulikuwa umeshazikwa.

Presha ilikushika juu ya kenchi za paa, na tita la nyasi mkononi. Baba mdogo alijua. Msimamizi alijua. Vibarua wote walijua, na ndiyo maana walikuwa wananisalimia kwa upole mpaka nikadhani ni kwa ajili ya madini yangu. Mgonjwa haambiwi msiba, ndivyo tulivyolelewa, na daktari alishasema nisishtuliwe. Sikasiriki. Ningefichwa hivyo hivyo na wewe.

Aliyeniambia ni Kulwa. Simu yako ilikaa imezimwa ndani ya begi lako mpaka watu wote walipoondoka, ndipo akaichaji, na matusi yangu yote yakaingia kwa mfululizo, akiwa amekaa peke yake katika nyumba iliyoezekwa nusu. Akanipigia. Nilipoona jina lako kwenye kioo nikapokea kwa tusi kubwa. Akauliza kama mimi ndiye yule Mgogo. Akaniambia alivyosoma alicheka, halafu akaniambia yote. Kwenye mazishi wazee walikuwa wanaulizana watani wako wapi, hakuna aliyetokea, shughuli ikapita kimya kama ya mgeni aliyekufa njiani.

"Ungekuwepo," akasema.

Hilo tu.

Tangu siku hiyo, mzee, hakuna anayenitukana. Hutaamini jinsi watu walivyo wazuri kwangu. Wananiwekea kiti. Wananiuliza kama nimekula. Wakicheka jambo nikitokea wanapunguza sauti, kwa sababu mimi ni mgonjwa na pia ni mfiwa, na mtu wa hivyo anachukuliwa kama yai. Nimejaribu kuwachokoza. Nimemtukania mmoja kofia, akasema pole kaka, nitaivua. Chumba chako amewekwa kijana wa Singida, mpole, anasali, ukuta ukigongwa anauliza kama nataka maji. Nimejaribu kujitania mwenyewe asubuhi, nikiiga sauti yako. Haiwezekani. Ni kama kujikuna mgongo, mkono unafika karibu, lakini mahali penyewe haupafiki.

Ngoja. Wananiita.

Nimerudi. Yule mama wa kushoto ameondoka, benchi lote langu.

Li hai. Daktari alinigeuzia kioo nikaona mwenyewe. Upande mmoja limenywea, kile kipande kilicholalamika kimebaki kovu, lakini kwingine damu inaingia kama kawaida, kwa zile njia za panya. Hakuna jipu, hakuna uvimbe kwenye mshipa. Springi zimekaa palepale, ataniacha nazo mpaka uzee. Akasema kreti nianze na nyepesi. Nikishikwa na homa nisikae nayo nyumbani. Akawa anatabasamu anasubiri nifurahi.

Mimi nikamuuliza kama naruhusiwa kusafiri.

"Kwenda wapi?"

"Msibani. Tabora, ndani ndani huko."

Akabadilika uso. "Pole sana. Umefiwa na nani?"

"Na mtani wangu."

Nilidhani atacheka, au ataniuliza ni ndugu wa namna gani huyo. Akaandika kwenye faili langu. Akasema nenda, kata tiketi ya siti za mbele, za nyuma zinarusha.

Nimempigia baba mdogo, amemshukuru Mungu mpaka salio likaisha. Ni furaha, siikatai. Lakini habari nzuri namna hii ilitakiwa ipate mtu wa kuiharibu. Mtu wa kusema hata kifo kilimwonja Mgogo kikatema. Nimekaa nayo hapa mwenyewe, nzima, haina hata mkwaruzo.

Kwa hiyo nakuja. Nimemwambia Kulwa, amesema ataniwekea koti lako. Nitalivaa, nitatembea kama wewe, bega moja juu. Nitaruka juu ya kaburi lako na kugoma kutoka. Ninachokiogopa nakuambia wewe tu, na wote wanaosoma: matanga yalishaanuliwa, wageni walishaondoka, majani yameshaota. Nitalala pale nidai kuku wangu, nigome, nigome sana, na hakutakuwa na mtu wa kunisihi nitoke.

Lala unono, mzee. Sogea kidogo, uniachie nafasi.

Mtani wako,
Mgogo